Namna ya Kumshauri Mkubwa kwa Kiingereza

Kilolo, kwa njia ya Posta Iringa
3 Agosti 1975

Mpwa wangu Evarista,

Kwa heshima na taadhima, na baada ya kushauriana na nafsi yangu kwa siku mbili, natangaza kwamba leo saa nne asubuhi miwani yangu imepata mkono mpya. Mkono huo ni waya uliotoka kwenye redio ya binamu yako Yotamu. Redio haisemi tena, lakini mimi naona.

Kamwene. Huku hatujambo. Mama yako Juliana ni mzima na anapalilia viazi kama mtu anayelipiza kisasi. Mama Yotamu anasumbuliwa na goti kukiwa na ukungu, na unajua ukungu wa hapa haukosi siku. Huu ni mwaka wa kwanza tangu tuhamishiwe kijiji kipya. Nyumba zimepangwa mstari mmoja kando ya barabara. Nikipiga chafya, pole zinatoka nyumba ya nne.

Sasa habari kubwa. Nimechaguliwa kuwa Katibu wa Kamati ya Mbegu ya kijiji. Sababu ya kuchaguliwa ni kwamba nina kalamu. Serikali imesema mwaka huu hatutapanda mbegu zetu za dari, zile tunazozihifadhi juu ya moshi wa jiko, tutaletewa mbegu bora za mahindi kutoka ghala la Iyunga, Mbeya. Nikasimama mkutanoni nikasema, "Ndugu zangu, katika ghala hilo karani ni mtoto wa dada yangu!" Watu walipiga makofi mpaka nikaona haya, nikakaa. Nilikalia miwani.

Niandikie habari za kazi. Nimesikia bosi wenu ni mzungu na wewe unamwandikia Kiingereza. Ukikwama, mimi nipo.

Mjomba wako,
Liberatus


Iyunga, Mbeya
24 Agosti 1975

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ilichukua siku kumi na nne, nadhani ilitembea kwa miguu. Mimi ni mzima. Nimepanga chumba kwa mama mmoja Mnyakyusa, anayeniamsha kwa kuniuliza kama nimeamka. Mwambie mama viatu vyake nimeviona, nitavituma akienda mtu.

Hongera kwa ukatibu. Pole kwa miwani.

Kazi ni nzuri. Napiga taipu, natunza majalada na kuandika madokezo, zile barua fupi za ndani ya ofisi. Mkuu wa ghala ni Bwana Dragan, anatoka Yugoslavia. Ni mtu mrefu, hana maneno mengi, na muda mwingi yuko uvunguni mwa malori na madereva, mafuta mpaka kwenye masikio. Madokezo yote yanayokwenda kwake ni ya Kiingereza. Ndivyo nilivyokuta.

Mjomba, kuna jambo. Hapa tuna dada mmoja, Tupokigwe, anayepima mbegu. Anahesabu punje mia, anazilaza kwenye kipande cha gunia kilicholowa, anakikunja kama mkeka na kukiweka karibu na jiko la chai. Siku ya saba anafungua na kuhesabu zilizochipua. Mbegu nzuri huchipua tisini na kitu. Hizi zimechipua kumi na tisa. Amerudia mara tatu, na hazijawahi kufika ishirini.

Sababu anaijua. Wakati wa masika paa lilivuja na magunia yakalowa. Mtunza ghala wetu, mzee Anania, aliona aibu. Akazianika mbegu juu ya mabati, akakoka moto chini yake siku mbili. Zikakauka vizuri sana, zinang'aa. Ukiziona utazisifu. Ila zimepikwa.

Tupokigwe hawezi kusema. Ameolewa na mtoto wa mzee Anania, na kwa Wanyakyusa mke hamtazami baba mkwe wala halitaji jina lake. Hapa kazini mzee akikaribia mlango anakohoa mara mbili, Tupokigwe anageukia ukuta mpaka apite. Wameelewana hivyo miaka mitatu na hakuna aliyegombana. Bwana Dragan anafikiri mzee ana kifua. Sasa Tupokigwe akienda kwa mkuu kusema mbegu zimeungua, ataulizwa nani kaziunguza. Kwa hiyo ameniambia mimi niandike.

Na mimi sijui niandikeje. Mimi ni karani wa miezi minne. Nikiandika "may" naona kama naomba ruhusa ya kwenda msalani. Nikiandika "must" naona kama mimi ndiye mkuu. Katikati kuna "could" na "should", na mwalimu wetu wa uhazili aliugua tulipofika hapo. Mbegu zinaanza kutoka Oktoba. Nisaidie.

Mpwa wako,
Evarista


Kilolo
9 Septemba 1975

Evarista mwanangu,

Barua imefika, na tumeisoma vizuri. Mama yako anakusalimu, anasema viatu visiwe na kisigino. Nguruwe wa jirani ameingia kwenye viazi vyetu na kesi iko kwa balozi wa nyumba kumi, ambaye ndiye mwenye nguruwe.

Sasa nisikilize kwa makini, maana haya hayamo kitabuni. Unajua nilikuwa mkalimani miaka kumi na moja kwenye shamba la pareto la mlowezi mmoja huko Dabaga. Kiingereza sikukisomea, nilisimama tu mahali kinapopita. Na nilichokiona ni hiki. Bwana yule akitaka mzungu mwenzake atengeneze ua ulioanguka, alimwambia "You might have a look at that fence", yaani huenda ukapenda kuutupia jicho. Jioni ileile ua ulikuwa umesimama. Sisi alituambia "You must", yaani ni lazima. Tuliufikia Ijumaa.

Kwa hiyo usidanganywe na ukali wa neno. Kwao neno laini ndilo lenye meno. "Must" ni la kumwambia mtu aliye chini yako, na hata huyo hasikii. "Should" ni la mtu anayejua kazi yake na ana cheti cha kuonyesha. Wewe cheti chako ni cha taipu. Chukua "could". Andika hivi: "It could be useful to test the seeds again before they are sent." Huenda ingefaa mbegu zipimwe tena kabla hazijatumwa. Hapo hujamlaumu mtu, hujamwamuru mtu, na mzungu akisoma atashtuka kama ameona nyoka.

Nimeandika sentensi hiyo mara sita kabla ya kukuletea. Usiongeze kitu.

Mjomba wako,
Liberatus


Iyunga
28 Septemba 1975

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini nguruwe amepewa haki yake. Huku kumeanza joto na vumbi. Treni za majaribio zinapita na watu bado wanatoka nje kuziangalia, hata mimi.

Niliandika kama ulivyosema. Madokezo yanapitia kwa Bwana Saulo, Afisa Utawala. Alisoma huku anatikisa kichwa taratibu.

"Hii 'could' umeitoa wapi?"

"Kwa mjomba wangu."

"Mjomba ana adabu," akasema, akagonga muhuri, akalipeleka.

Siku ya pili likarudi. Bwana Dragan ametia sahihi na tiki moja kubwa. Nikafurahi, nikamwambia Tupokigwe tayari. Tukangoja siku tatu. Hakuna aliyekuja kupima chochote. Nikaandika la pili kwa "should", samahani mjomba, nikaeleza na hesabu ya kumi na tisa. Likarudi na sahihi na tiki. Malori yakaendelea kupangwa kama kawaida.

Nikaona niende kwa mzee Anania mwenyewe. Nilimkuta anafagia.

"Mzee, hizi mbegu zitaota kweli?"

Akachukua punje moja akaing'ata, ikavunjika *ka*. "Umesikia? Kavu. Mbegu mbichi haisemi hivyo."

"Lakini vipimo vya Tupokigwe vinasema kumi na tisa."

Akafagia mahali ambapo alikwisha kufagia. Halafu akasema, "Mke wa mwanangu anafanya kazi yake vizuri. Mimi nilifanya yangu." Akaondoka.

Mjomba, usimwambie mtu huko mpaka nipate jibu la ofisi. Ikijulikana natoa habari za ghala nje, sina kazi. Mbegu za Iringa zinaondoka mwisho wa Oktoba. Je, zenu zimo humo? Na tiki maana yake nini?

Evarista


Kilolo
12 Oktoba 1975

Mwanangu,

Salamu kutoka kwa wote. Goti la Mama Yotamu limehamia mguu wa pili. Nguruwe ameshinda kesi.

Umeniuliza maana ya tiki. Bwana wangu wa Dabaga alikuwa na tiki mbili. Ndogo ilikuwa "nimesoma". Kubwa ilikuwa "nimesoma, ondoka". Sasa sijui ya Yugoslavia.

Ninavyoona, ulipotoka kwenye "could" kwenda "should" ulikimbia. Kuna "had better", neno la mtu mwenye urafiki na tishio kwa pamoja, lakini linataka umri. Rudi kwenye "could", ila liweke mwanzoni mwa dokezo, si katikati. Na "must" usiiguse. Nakuomba kama mjomba wako: usiiguse. Nimewahi kuona kazi ikimwagika kwa neno hilo.

Hapa kijijini tunaandaa mapokezi. Ofisi ya TANU imepakwa chokaa upande unaoonekana barabarani. Mimi nimepewa kazi ya kuandika risala.

Mjomba wako,
Liberatus


Iyunga
26 Oktoba 1975

Mjomba,

Shikamoo. Naandika haraka.

Niliigusa, kabla barua yako haijafika. Niliandika: "You must not send these seeds." Usizitume mbegu hizi. Basi. Bwana Saulo alilisoma akaniita akafunga mlango.

"Evarista, wewe unamwamuru mkuu?"

"Mbegu zimekufa, Bwana Saulo."

"Sikatai. Lakini huwezi kumwambia hivyo. Kuna ngazi."

"Nimezipanda zote, hii ndiyo ya juu."

"Basi sasa utashuka," akasema. Lakini dokezo alilipeleka, sitamsingizia. Likarudi na sahihi na tiki.

Siku hizi kazi naifanyia langoni, kuna hewa nzuri na naona magari yote.

Ndiyo maana najua kwamba malori mawili ya Iringa yalipakiwa jana na yameondoka leo asubuhi. Nimeona hati. Kilolo imo, magunia thelathini na sita.

Mjomba, lile nililokuambia usimwambie mtu, sasa nalifuta. Mwambie Mwenyekiti, mwambie Bwana Shamba, waambie wote: wasipande. Kila mtu ana mbegu zake za dari, wapande hizo. Ukihitaji ushahidi chukueni punje mia, gunia na maji, siku saba mtaona wenyewe. Mvua bado. Mnao muda.

Nakusihi. Barua hii nimempa dereva wa basi mkononi, na basi la Kilolo nimemwambia jina lake.

Evarista


Kilolo
16 Novemba 1975

Mwanangu Evarista,

Kamwene. Barua yako ya haraka niliipata tarehe nne, dereva yule ni mtu mwema, Mungu amzidishie matairi. Mvua zimeanza tarehe nane, nzuri, za taratibu, zinazoingia ardhini. Mama yako amepanda. Watu wote wako mashambani. Mtoto wa Verediana jirani yetu amezaliwa na ameitwa Mvua, masikini.

Kwa nini unafanyia kazi langoni? Karani gani anapiga taipu langoni? Hukunieleza vizuri.

Kuhusu lile jambo, nimelishughulikia kwa kadiri ya nafasi yangu.

Nimekumbuka kitu ambacho sikukuambia Septemba. Pale Dabaga tulikuwa na daraja la miti juu ya kijito. Mnyapara alikuja kwa Bwana akasema kwa Kihehe: "Daraja limeoza, trekta isipite." Mimi ndiye mkalimani. Nilimtazama Bwana, alikuwa anakunywa chai yake, nikaona si vizuri kumwingilia na neno zito namna hiyo. Nikasema, "Sir, he thinks the bridge could perhaps be looked at", yaani anadhani huenda daraja lingefaa kutazamwa. Bwana akasema "Thank you, Liberatus." Trekta ilipita saa nane mchana. Dereva alipona, mguu mmoja haukupona. Mnyapara hakujua Kiingereza, kwa hiyo miaka yote aliamini Bwana alimdharau.

Sijui kwa nini nimekuandikia haya. Mvua ikinyesha mtu anakaa ndani anakumbuka.

Mjomba wako,
Liberatus


Iyunga
30 Novemba 1975

Mjomba,

Shikamoo. Umenieleza mvua, umenieleza jina la mtoto wa watu, umenieleza trekta. Mbegu hukunieleza. "Kwa kadiri ya nafasi yangu" ni maneno ya ofisini, na mimi ofisini ndiko niliko. Nakuuliza tena chini ya barua hii.

Langoni niliwekwa kwa barua ya onyo ya Bwana Saulo. Taipureta ilibaki ndani, mimi nikapewa daftari la kuandika magari. Sikutaka mama ajue. Sasa nimerudishwa, nitakuambia kwa nini, na ukae chini.

Jumanne iliyopita Bwana Dragan alikuwa anatafuta spana. Akaingia chumba cha vipimo, akamkuta Tupokigwe amefungua gunia lake na punje zimelala pale. Nilikuwa mlangoni, nimeleta daftari. Akainama akatazama. Akasema kwa Kiswahili, kile cha madereva:

"Hii mbegu gani?"

"Hizi za ghala, Bwana."

"Napona ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Kwa mia?"

"Kwa mia."

Akachuchumaa. Akazihesabu mwenyewe kwa kidole cha grisi, akarudia. "Kwa nini?"

Tupokigwe akasema, "Zimepikwa."

"Nani napika?"

Tupokigwe akageukia ukuta. Bwana Dragan akanitazama mimi, mimi nikatazama daftari. Akauliza tena kwa sauti: "Mama, nani napika? Wewe?"

Hapo tukasikia nje kikohozi mara mbili. Halafu sauti ya mzee Anania, hakuingia, alikuwa anaongea na toroli lililokuwa pale kibarazani.

"Toroli," akasema, "mwambie Bwana huyo mama hajapika kitu. Nilipika mimi. Paa lilivuja, magunia yakalowa, nikaogopa kuonekana mzembe. Nilifikiri kukauka ni kukauka. Mwambie huyo mama vipimo vyake ni vya kweli, na ndani ya nyumba yangu hakuna aliyewahi kusema vipimo vyake ni vya uongo."

Tupokigwe bado ameuangalia ukuta, mabega yanatikisika. Akamwambia ukuta, "Ahsante." Nilidhani Bwana Dragan atacheka. Hakucheka. Alitoka nje akashikana mkono na mzee, akaingia ghalani, akafunga kufuli, funguo mfukoni. Magunia yaliyobaki yote yamezuiwa, Mbeya haikupata hata moja. Mzee hakufukuzwa. Yuko juu ya paa anaziba matundu.

Halafu Bwana Dragan akaniita. "Kwa nini hapana ambia mimi?"

Nikamletea madokezo yangu matatu, "could", "should" na "must", yote na sahihi zake na tiki zake. Nilikuwa na hasira, mjomba, niliyapanga mezani kama karata. Akayatazama muda mrefu. Masikio yakawa mekundu chini ya grisi.

Akasema, "Mimi hapana jua soma Kingereza. Najua ya kwetu, Kijerumani kidogo, na hii ya dereva. Saulo naleta karatasi, mimi naona muhuri, mimi natia sahihi."

Bwana Saulo alikuwa amesimama hapohapo. Akasema taratibu, "Mzungu asiyesoma Kiingereza?" Akakaa kwenye kiti ambacho si chake.

Mwaka mzima, mjomba. Kabla yangu makarani wawili walimwandikia Kiingereza na wote walipata tiki. Hakuna aliyemuuliza. Anasema aliona tunapenda sana kuandika, akadhani ndiyo desturi ya nchi.

Sasa tunamwambia kwa mdomo, asubuhi, tukinywa chai.

Alipiga simu Iringa siku hiyohiyo. Wakamjibu magunia yalikwishagawiwa vijijini na mvua inanyesha. Kwa hiyo nakuuliza, na usiniletee habari ya goti: je, uliwaambia wasipande?

Evarista


Kilolo
11 Januari 1976

Mwanangu Evarista,

Kamwene. Heri ya mwaka mpya. Wote ni wazima.

Barua yako nimekaa nayo wiki nne. Nilianza kujibu mara tatu. Ya kwanza ilikuwa nzuri sana, ndiyo maana niliichana.

Magunia yalifika tarehe tano Novemba, siku moja baada ya barua yako. Barua ilikuwa mfukoni mwa koti langu. Walikuja na Ndugu Malimi, Bwana Shamba mpya, kijana wa Kisukuma, msafi, anapenda watu. Tulikusanyika ofisini, mbele ya ule upande wenye chokaa. Nikasoma risala. Gunia la kwanza likafunguliwa na mbegu zikamwagwa kwenye mkeka. Ulisema zinang'aa. Hukusema zinang'aa kiasi kile. Akina mama walikuwa wanazishika na kuziachia kama shanga. Mtu mmoja akasema, "Haya ndiyo mahindi ya mpwa wa Katibu!" Wakapiga makofi, wakanitazama.

Ndugu Malimi akasema, "Ndugu Katibu, una neno?"

Nikasimama. Mkono ulikuwa mfukoni, juu ya barua. Nikasema: "Ndugu Mwenyekiti, kama haitakuwa usumbufu, na kwa ruhusa ya Bwana Shamba, huenda ingefaa labda tungejaribu kwanza punje chache."

Ndugu Malimi akasema, "Ushauri mzuri sana huo wa Katibu. Uingizwe kwenye muhtasari."

Wakapiga makofi tena. Nikakaa. Nikauingiza kwenye muhtasari, maana mwandishi ni mimi. Uko ukurasa wa pili, kwa mwandiko mzuri. Halafu magunia yakagawiwa, na nilipotakiwa kutia sahihi ya kupokea nilitia sahihi.

Hapakuwa na Kiingereza pale, Evarista. Hapakuwa na mzungu. Tulikuwa Wahehe na Msukuma mmoja, na wote tunasema lugha moja. Nilikuwa na siku tatu kabla mvua haijanyesha, ningeweza kupita nyumba kwa nyumba, ziko kwenye mstari mmoja. Kila asubuhi nilijiambia kwamba nimeshasema, na kwamba imeandikwa.

Zilipanda kaya mia na nne. Zimeota kama ulivyosema, hazikufika ishirini kwa mia, na hizo chache kwale wamezidonoa. Ndugu Malimi alisema kwanza ni jua, halafu akasema ni panya. Nilikwenda kwake Jumatatu ya kabla ya Krismasi nikampa barua yako aisome. Alisoma mara mbili. Akaniuliza, "Mzee, hii ulikuwa nayo siku ile?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mbona hukusema?" Nikamwambia nilisema. Akaenda akafungua muhtasari, akasoma, akaufunga. Hakuniita mzee tena siku hiyo.

Nimejiuzulu ukatibu. Kalamu nimemwachia Yotamu. Watu wanarudishia mashamba kwa maharage na viazi, maana kwa mahindi wamechelewa. Kwa nyumba nyingi unga utaisha kabla ya mwezi wa tano. Wamekuwa wapole kwangu kuliko nilivyotarajia, na jambo hilo silipendi.

Mwambie Tupokigwe nimemsalimu. Mzee Anania mwambie kwa njia ya toroli.

Mjomba wako,
Liberatus

Nyongeza: Mama yako hajui kusoma, kwa hiyo ile barua yako ya kwanza, ya mbegu zilizopikwa, nilimsomea mimi, siku ileile ilipofika. Hakuuliza kitu. Magunia yalipogawiwa alipokea sehemu yake kama wengine, akawapa kuku, akapanda mbegu zake za dari. Mahindi yake yamefika magotini.